Bahari ikifungwa, nani anabaki kuvua? Uchambuzi wa kisa cha Hifadhi ya Bahari ya Mombasa

Mwaka 1991 wavuvi wa maji ya Nyali, Bamburi na Shanzu, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, waligundua kwamba sehemu kubwa ya bahari waliyozoea kutegea malema, ile mitego ya kusukwa, na kuvutia juya, wavu wa kuburuta, haikuwa yao tena. Kwenye karatasi haikuwa yao tangu 1986, serikali ya Kenya ilipotangaza Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa. Ila kwa ile miaka mitano tangazo lilibaki tangazo, na watu waliendelea kuvua kama walivyovua wazee wao. Doria zilipoanza ndipo mpaka ukawa mpaka kweli.

Kisa hiki hutajwa na pande mbili zinazopingana. Wahifadhi hukitaja kuonyesha kwamba bahari ikifungwa mvuvi hufaidika. Wavuvi hukitaja kuonyesha kwamba bahari ikifungwa mvuvi hufukuzwa. Nimesoma hesabu zake kwa makini, na naona kila upande una ushahidi wake ndani ya takwimu zilezile. Wanachoshindwa kukubaliana ni swali ambalo huulizwa mara chache sana kabla ya maboya ya mpaka kutiwa majini: katika wale wanaovua leo, ni nani watakaobaki wakivua kesho?

Tunaweza kulijadili swali hili kwa tarakimu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupima kabla na baada. Tim McClanahan, mtaalamu wa viumbe vya bahari kutoka Marekani anayefanya kazi na shirika la Wildlife Conservation Society (WCS), alianza kuchunguza miamba ya Kenya miaka ya 1980, akaweka kambi Mombasa, na hakuondoka. Yeye na wenzake, Wakenya wengi wakiwamo, walihesabu samaki chini ya maji, na pia wakaenda kwenye bandari ndogo za wavuvi kupima kilichotoka majini: kilo ngapi, samaki gani, kwa zana ipi, na wavuvi wangapi wameingia baharini siku hiyo. Kazi ya mizani na daftari ufukweni haina mvuto wa picha, na wafadhili huichoka upesi. Tafiti nyingi za pwani yetu hukaa misimu miwili kisha hufungasha. Hii ilidumu miaka na miaka, na thamani yake yote iko hapo.

Nianze na hasara, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Kufungwa kwa hifadhi kuliondoa takriban asilimia 65 ya eneo la kuvulia, na sehemu inayokaribia hiyohiyo ya wavuvi ikaacha kuvua pale. Waliobaki, wakivua kwenye maji yaliyosalia nje ya mpaka, waliona mavuno ya mtu mmoja yakipanda zaidi ya maradufu, kwa takriban asilimia 110. Lakini jumla ya samaki waliofika nchi kavu ilishuka kwa takriban asilimia 35. Takwimu hizi tatu zisomwe kwa pamoja. Anayetaja ile asilimia 110 peke yake anauza hifadhi. Anayetaja ile 35 peke yake anaipinga. Ukiziweka pamoja unaona jambo gumu zaidi: mtu mmoja alipata zaidi, mji ukapata kitoweo kidogo, na kuna watu waliotoka ambao hawamo kabisa kwenye wastani wa mapato, maana wastani huo hukokotolewa kwa walioko baharini tu.

Ndani ya mpaka, bahari ilifanya ambacho kila mtu mwenye kuijua angetarajia, ila kwa mpangilio wake yenyewe. Kuna samaki anaitwa kikande, mwenye meno magumu, ambaye kazi yake kubwa mwambani ni kula urchini, wale viumbe wa miiba wanaojificha kwenye mianya ya matumbawe. Mvuvi hamhesabu kikande kuwa samaki wa maana. Ila pale anapovuliwa akaisha, urchini huongezeka kupita kiasi, na kwa kuwa hula kwa kukwangua, huutafuna mwamba wenyewe kiasi cha kuzidi kasi ya matumbawe kukua. Huu ni mmoja wa ugunduzi wa mwanzo wa McClanahan hapa Kenya, alioupata kwa kulinganisha hifadhi kongwe za Malindi na Watamu, zilizofungwa tangu 1968, na miamba inayovuliwa kila siku. Somo lake kwa Mombasa lilikuwa zito: hata ukifunga leo, mwamba hauponi leo. Uzito wa samaki kwenye miamba ya Kenya iliyofungwa huchukua takriban miaka 20 kufikia kilele, kiasi cha zaidi ya kilo 1,000 kwa hekta. Tafi na pono hurudi mapema. Wengine hujivuta.

Miaka 20. Mvuvi aliyekuwa na miaka 30 siku doria zilipoanza angekuwa na 50 kufikia hapo. Nayaunga mkono maeneo yaliyofungwa, naona pwani yetu inayahitaji, lakini sikubali hoja ya uhifadhi isiyoitaja kalenda hii waziwazi mbele ya watu wanaokula kwa siku.

Faida ya mapema ilikuja kwa kumwagika. Samaki hawajui mpaka. Wakishajaa upande mmoja huvuka. Utafiti wa kutega malema kwa umbali tofauti kutoka kwenye mpaka, uliochapishwa mwaka 2000 na McClanahan akishirikiana na Stephen Mangi, ulionyesha kwamba lema lililo karibu na hifadhi huvua zaidi, na kadiri unavyosogea mbali mavuno hupungua. Anayevuka zaidi ni tafi, na mvuvi wa Mombasa hahitaji kuelezwa thamani ya tafi: ananunulika, anakaangika, anaingia kwenye lema bila taabu. Kwa hiyo ukanda mwembamba kando ya mpaka ukawa mahali pa thamani, na kila mwenye lema anajua faida ya kupata nafasi pale.

Hata hivyo kumwagika kuna adui wake, naye ni juya.

Asiyewahi kuona juya likivutwa na alione hivi. Maji yanapwa, chombo kinalizungusha wavu kwa nusu duara ndani ya mwamba, kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ya bahari na matumbawe yaliyotawanyika. Kamba mbili zinarudi ufukweni, au kwenye fungu la mchanga, na kila kamba inashikwa na mstari wa vijana. Wanavuta kwa kurudi nyuma, visigino vikizama mchangani. Kamba ya chini yenye vyuma inaburura kila inachokutana nacho. Inaponasa kwenye tumbawe, mmoja anazamia kuinasua, wengine wanasimama juu ya matumbawe yaleyale wakisubiri. Mfuko wa katikati una matundu madogo sana. Unapofika nchi kavu umejaa majani, kaa, na samaki wa urefu wa kidole: vichangu, vipono na vitafi ambavyo bado havijazaa hata mara moja. Fungu la wavu na fungu la chombo hutolewa kwanza, mwenye mali huchukua lake, na kinachobaki ndicho wavutaji hugawana.

Utafiti wa zana za uvuvi uliofanywa kwenye bandari hizi uliweka wazi kwamba juya lilikuwa likivua samaki wadogo kuliko zana nyingine. Zaidi ya hapo, lilikuwa likivua spishi zilezile zinazotafutwa na lema na mshipi, ila likizichukua mapema. Mwenye lema anamsubiri tafi akue, mwenye juya ameshambeba. Ndiyo maana ugomvi wa juya katika pwani ya Kenya haukuanzishwa na wanasayansi. Wazee wa uvuvi, hasa upande wa Diani, walikuwa wakilipinga tangu zamani, na sehemu kadhaa walilikataza wenyewe. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2001, na hata baada ya hapo utekelezaji umetegemea zaidi msimamo wa bandari husika kuliko askari.

Marufuku hiyo ilimpa McClanahan jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulipanga. Alikuwa na maeneo matatu ambayo samaki wake walikuwa wakipimwa mfululizo. Mawili yaliacha juya baada ya miaka 6 ya vipimo; moja kati ya hayo liko kando ya eneo lililofungwa, jingine halina hifadhi jirani. La tatu liliendelea bila masharti yoyote. Mwaka 2010 alichapisha matokeo ya miaka 12.

Juya lilipoondoka, uzito wa samaki anaopata mvuvi mmoja kwa siku ulipanda kwa asilimia 20. Mvuvi wa kando ya hifadhi alikuwa na mapato ya juu kuliko yule wa eneo lenye masharti ya zana pekee: asilimia 14 zaidi kabla ya juya kuondolewa, asilimia 22 zaidi baada ya kuondolewa. Yaani hifadhi na marufuku ya juya vilisaidiana. Kila kimoja kilikuwa na faida zaidi kikiwa na mwenzake. Ukilinganisha na eneo lisilo na masharti, mvuvi wa eneo lenye masharti ya zana alipata asilimia 41 zaidi kwa siku, na yule wa kando ya hifadhi alipata asilimia 135 zaidi. Sababu haikuwa wingi wa kilo peke yake. Samaki walikuwa wakubwa, na samaki mkubwa ana bei ya juu kwa kilo. Tena kulikuwa na spishi ambazo soko huzipenda zaidi.

Matokeo haya yanatosha kumnyamazisha anayesema kanuni za uvuvi zinaleta umaskini. Lakini kuna matokeo mengine ndani ya utafiti uleule, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa kisa hiki, na hayatajwi sana. Ukiacha kuhesabu kwa mvuvi ukahesabu kwa eneo, yaani kila kilomita moja ya mraba ya bahari inaingiza fedha kiasi gani, tofauti kati ya maeneo yale matatu haikuwa kubwa. Palipokuwa na masharti machache, wavuvi walikuwa wengi zaidi. Bahari isiyo na kanuni ililisha watu wengi, kila mmoja kidogo. Bahari yenye kanuni ililisha wachache, kila mmoja vizuri.

Nisieleweke vibaya. Kuna faida ya kweli ya kibayolojia hapa. Mabadiliko ya mavuno yalizidi, na mara nyingi yalikwenda kinyume na, ambavyo kupungua au kuongezeka kwa wavuvi peke yake kungeeleza. Samaki aliyeachwa akue huongeza uzito na bei, na hiyo ni mali mpya ambayo haikuwapo. Ila sehemu kubwa ya lile ongezeko la mapato ya mtu mmoja ni suala la ugawaji, na ugawaji una majina ya watu.

Waliokuwa kwenye kamba ya juya ni kina nani? Kwa sehemu kubwa ni vijana wasio na mtaji. Lema linahitaji mtu ajue kusuka fito na mianzi, au awe na fedha za kununua, kisha awe na ngalawa au mtumbwi, na ajue pa kulitega. Mshipi unahitaji chombo na uzoefu. Juya lilihitaji mikono tu. Kijana aliyeamka bila kitu angeweza kwenda ufukweni, akashika kamba, akarudi nyumbani na samaki wa kupika na shilingi kidogo. Alikuwa akilipwa vibaya, na alichokuwa akifanya kilikuwa kikiua bahari ya wanawe. Yote mawili ni kweli. Lakini lilikuwa ndilo lango pekee la kuingilia baharini kwa asiye na kitu, na lilifungwa bila lango jingine kufunguliwa.

Kuna pia mama karanga. Hawa ni wanawake wanaonunua samaki palepale bandarini, wakawakaanga na kuwauza mtaani kwa bei ambayo familia ya kipato cha chini inaimudu. Samaki wakubwa huchukuliwa na tajiri, ambaye mara nyingi ndiye aliyemkopesha mvuvi chombo au nyavu, na kutoka kwake huelekea mahotelini na kwenye masoko ya mjini. Mama karanga huishi kwa wadogo. Sasa itazame tena ile habari njema ya utafiti: samaki wamekuwa wakubwa na bei kwa kilo imepanda. Kwa mvuvi ni neema. Kwa mama karanga ni bidhaa kuhama kutoka kwenye uwezo wake wa kununua, na kwa mtoto wa mtaani kwake ni kitoweo kuadimika. Hesabu ya mapato ya uvuvi, hata iwe safi kiasi gani, huishia mvuvi anapouza samaki. Karai la mama karanga liko hatua moja mbele ya hapo, nje ya daftari.

Haya si ya nadharia tu. Mwaka 1995 serikali ilitangaza eneo la akiba la bahari Diani, kusini ya Mombasa. Wavuvi walilikataa, na halikutekelezwa. Waliogopa kunyang'anywa bahari kwa faida ya watalii na mahoteli, na mfano wa kuwaogopesha hawakuwa na haja ya kwenda mbali kuutafuta. Ni rahisi kwa mtu wa ofisini kusema walikosa elimu. Mimi naona walifanya hesabu sahihi kwa taarifa walizokuwa nazo: hasara ni ya leo na ni yangu, faida ni ya baadaye na haijulikani itakuwa ya nani.

Linalonipa matumaini ni kwamba wanasayansi waliliona hilo na wakaanza kuuliza. WCS imekuwa ikiwaita wavuvi wa bandari mbalimbali kwenye mikutano ya kuwarudishia matokeo yao wenyewe: bandari yako ilivua hivi, ya jirani ilivua vile. Katika tafiti za maoni, McClanahan na wenzake waliwauliza wavuvi na maafisa wa serikali wanapendelea kanuni gani. Wavuvi waliunga mkono zaidi ukubwa wa chini wa samaki na masharti ya zana, na kufungwa kwa maeneo kukawa mwishoni. Maafisa walikuwa na imani zaidi na kufunga. Ukisoma pamoja na ile hesabu ya miaka 12, utaona wavuvi hawakuwa wakipinga uhifadhi. Walikuwa wakichagua kanuni zinazobadilisha jinsi mtu anavyovua, badala ya zile zinazomtoa mtu baharini.

Mfano mzuri wa kanuni ya aina hiyo ni lema lenye upenyo. Lema la kawaida hushika kila kinachoingia: tafi wa kuuza, tafi mchanga wa kidole, na kipepeo, samaki bapa mwenye rangi nzuri ambaye hana soko. Wataalamu wa WCS na wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), Emmanuel Mbaru akiwa mmoja wao, walijaribu kuacha mwanya mwembamba wa wima kwenye kona ya lema, wa sentimita chache tu. Samaki mchanga na samaki bapa hupenya wakaenda zao, na tafi mnene hubaki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha samaki wasiotakiwa wamepungua, waliobaki ni wakubwa zaidi, na mapato ya mvuvi yamepanda. Hapa hakuna aliyeondolewa. Lema ni lilelile, mtegaji ni yuleyule. Fundi anayelisuka anaongeza kazi ya dakika chache. Hata hivyo swali la mama karanga linabaki palepale, maana wale wadogo waliopenya ndio waliokuwa wake.

Njia nyingine ni tengefu, maeneo yanayofungwa na wanakijiji wenyewe. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, ndiyo iliyotangulia katikati ya miaka ya 2000. Walifunga takriban hekta 30 tu, kipande kidogo sana ukilinganisha na hifadhi ya Mombasa, wakachagua wenyewe pa kufunga, na bahari iliyobaki ikaendelea kuvuliwa. Udogo wa tengefu huwasikitisha baadhi ya wanabiolojia, na kibayolojia wana hoja, kwa sababu eneo dogo haliwezi kuwalinda samaki wanaozunguka mbali. Mimi nauona udogo huo kama bei ya kukubalika: kijiji kimepunguza hasara ya kwanza hadi pale kinapoweza kuimudu.

Na kuna yasiyo mikononi mwa mvuvi wala mwanasayansi. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya, ndani na nje ya hifadhi sawia. Maji ya moto hayasimami kwenye boya. Sichukulii hilo kuwa sababu ya kuacha kulinda. Mwamba wenye kikande na tafi wa kutosha una nafasi bora ya kujijenga upya kuliko ule ulioachwa mikononi mwa urchini. Ila linamaanisha kwamba mvuvi aliyetoa sehemu ya bahari yake mwaka 1991 akiahidiwa malipo baadaye alibebeshwa pia hatari ambayo hakuisababisha.

Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwamo, zinaendelea kutangaza maeneo mapya ya kulinda bahari, na kila pendekezo huja na ramani ya matumbawe. Kwa takwimu za Mombasa, ningetaka kila ramani iambatane na orodha iliyokusanywa bandarini kabla ya siku ya kwanza ya kufunga: wavuta juya wangapi, wenye malema wangapi, mama karanga wangapi na wananunua samaki wa ukubwa gani, nani atahamia wapi, na nani amekubali kulipa nini kwa miaka ya mwanzo ambayo samaki hawajaanza kumwagika. Ada za watalii wanaoingia hifadhini zinakusanywa tangu siku milango inapofunguliwa, haziingoji miaka 20. Sehemu yake ingeanza kulipwa kwa watu wa orodha hiyo mwaka uleule wa kwanza.